Kabla ya Kuipuliza Konseto ya Mozart katika G, Zijue Sauti za Okestra

Mwanafunzi anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza Konseto ya Filimbi ya Mozart katika G meja, yaani kazi ya filimbi moja ikisindikizwa na okestra, yenye nambari K. 313 katika orodha ya kazi za Mozart, ninamshauri aiweke filimbi kando na azisome kwanza noti za okestra nzima. Katika sehemu ya kwanza okestra hutangulia peke yake kwa muda mrefu, kwa obo mbili (ala za kupulizwa zenye mwanzi mdomoni), pembe mbili na ala za nyuzi, na filimbi inapoingia huuchukua wimbo uleule ambao wasikilizaji wamekwisha kuusikia. Asiyeujua utangulizi huo huingia kama mgeni aliyekuta mazungumzo yamefika katikati. Mimi huimba kwa mdomo sauti ya fidla za kwanza, kisha ya besi, huku nikihesabu mapigo, na hapo ndipo ninaposhika filimbi. Nimewafundisha wengine kwa njia hiyo, na nimeona wakitulia mapema kuliko wale wanaokimbilia vifungu vya kasi.

Mozart aliitunga kazi hii mjini Mannheim mwaka 1778 kwa agizo la Ferdinand De Jean, daktari aliyepuliza filimbi kwa kujifurahisha, ambaye aliahidi gulden 200, fedha ya wakati ule, akaishia kulipa 96, kwa kuwa kazi zote alizoagiza hazikukamilika. Watu hupenda kurudia barua ambayo Mozart alimwandikia baba yake mwaka huo, akilalamika kwamba analazimika kutungia ala asiyoipenda. Sioni faida ya mwanafunzi kuibeba barua hiyo moyoni, kwa maana sehemu ya pili, Adagio, yaani ya mwendo wa polepole, inatosha kuonyesha jinsi alivyoielewa filimbi: humo obo hunyamaza, filimbi mbili za okestra huchukua nafasi yake, na ala za nyuzi hupigwa kwa sauti iliyofifishwa.

Hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko kwingine kote. Filimbi ya wakati ule ilikuwa ya mti, yenye sauti laini na kwa kawaida kitufe kimoja tu, na Mozart aliiandikia okestra yake kwa kuzingatia upole huo. Kwa hiyo anayetumia filimbi ya chuma ya siku hizi hana sababu ya kupuliza kwa nguvu ili asikike. Apunguze pumzi, aache filimbi za okestra zisikike chini yake, na aweke alama za penseli mahali pa kuvuta pumzi, akichagua palipo na mwisho wa wazo badala ya kungoja hadi kifua kimekauka.

Kadenza, yaani vifungu ambavyo mpuliza filimbi hucheza peke yake okestra ikinyamaza, za Mozart mwenyewe kwa konseto hii hazikutufikia, hivyo ni halali kabisa kutunga yako, mradi iwe fupi na itokane na nyimbo za sehemu inayohusika. Kuhusu Rondo ya mwisho, sehemu ambayo wimbo wake mkuu hurudi mara kwa mara, mtunzi ameandika kwamba ichezwe kwa mwendo wa minueti, ambayo ni dansi ya mapigo matatu yenye staha. Anayeikimbiza ili aonyeshe wepesi wa vidole huipotezea hatua zake za dansi.