Pembe Hii Imeombwa na Nani?

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: magari yenye pembe kali yamerudi barabarani, na majengo na michoro imejaa pembe vilevile, je, umbo la pembe lina uzuri wa kweli, au ni mtindo tu utakaopita? Nililisoma nikiwa karakanani, guni, yaani kipimo cha kona mraba, mkononi, na nikaona sina budi kujibu. Mimi ni seremala hapa Lamu. Riziki yangu inatoka kwenye pembe.

Nitalitoa jibu mapema ili tusizungushane. Pembe ni nzuri pale ambapo mti wenyewe, au chuma, au jiwe, ndilo lililoiomba. Marehemu babu, aliyenifunza kazi, hakuniuliza hata siku moja kama nilichochonga kinapendeza. Alikuwa akiweka kidole penye kona na kuuliza, "Hii imeombwa na nani?" Nikikosa jibu, aliniambia niitoe.

Kiswahili kimelitwika neno hili mizigo mingi: pembe ya ng'ombe, pembe ya chumba, pembe ya ndovu, pembe nne za dunia. Siwa ya Pate, lile baragumu la kifalme, ni pembe ya ndovu tupu kuanzia mdomoni hadi mwisho, wala haina pembe ya kona hata moja. Lakini tuanze na magari, kwa kuwa ndiyo mliyoanza nayo.

Mji wetu wa kale haupitiki kwa gari. Vichochoro ni vyembamba, na mizigo inabebwa na punda au mkokoteni. Gari la kwanza nililolikagua kwa mkono, nikiwa kijana, lilikuwa Land Rover kuukuu iliyoegeshwa Mokowe, ng'ambo bara, tulipovuka kwenda kuchukua mbao. Niliupitisha mkono mlangoni nikashangaa: bamba bapa, limekunjwa mara moja hapa, mara moja pale, likapigwa ribiti. Nikajiambia, kazi hii hata mimi ningeiweza. Baadaye nilijua kwa nini. Mwaka 1948, gari hilo lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kilikuwa cha mgao. Aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Fedha za kutengeneza kalibu kubwa za kukandamizia mabamba hazikuwapo, kwa hiyo waundaji wakazikunja karatasi za aluminiamu kama fundi wetu wa mabati anavyokunja mfereji wa paa. Umbo lile la sanduku halikuchorwa na mtu aliyetaka kupendwa. Limetokana na uhaba, na ndiyo maana hadi leo, uundaji wa mrithi wake wa moja kwa moja ukiwa umekoma mwaka 2016, mtu akiliona kwa mbali analitambua.

Giorgetto Giugiaro wa Italia aliifuata njia hiyo kwa hiari alipobuni Fiat Panda ya mwaka 1980. Hata vioo alivifanya bapa, kwa sababu kioo bapa ni rahisi kutengeneza kuliko kilichopinda.

Sasa Tesla Cybertruck, ambayo vijana wa barazani wananionyesha picha zake kwenye simu kila wiki. Ilizinduliwa Novemba 2019 na wanunuzi wa kwanza wakakabidhiwa mwishoni mwa 2023. Wengi wanadhani umbo lile ni la kujionyesha tu. Lakini Elon Musk alieleza mwanzoni kabisa kwamba chuma chake kisichoshika kutu ni kigumu mno, kingevunja mashine za kukandamizia. Njia iliyobaki ni kukikunja kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo pembe zile ziliombwa na chuma, na mimi naziheshimu kwa sababu hiyo. Ninalolikosoa ni kwamba makunjo yameachwa makali kila mahali, jicho halipati pa kutua. Land Rover nayo ilikunjwa, lakini kunjo lake lina mviringo mdogo kama wa ukingo wa sahani, na mviringo huo ndio unaoshika mwanga.

Nikiri pia kwamba kuna gari linalonipinga. Lamborghini Countach ilionyeshwa Geneva mwaka 1971, kazi ya Marcello Gandini, na pembe zake hazikuombwa na uhaba wowote. Ziliombwa na macho. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado vijana wanaibandika ukutani. Sina jibu la kuitoa, kwa hiyo naiacha ilipo.

Pembe iliyonisisimua kuliko zote ni ya ndege, ile ya kivita ya Marekani iitwayo F-117. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na ilifichwa watu wasiijue hadi 1988. Mwili wake wote ni vipande bapa vilivyounganishwa, kama jiwe la pete. Kila kipande kimeelekezwa ili mawimbi ya rada yakigonga yarushwe kando, yasimrudie aliyeyatuma. Na kwa nini vipande bapa? Kwa sababu kompyuta za miaka ya 1970 ziliweza kupiga hesabu ya ubapa tu, mviringo ulizishinda. Kompyuta zilipopata nguvu, ikaja ndege nyingine yao, B-2, iliyoruka mwaka 1989, nayo imejaa mviringo. Pembe za F-117 ziliombwa na uwezo wa hesabu wa wakati wake! Babu angelipenda jibu hilo.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo ninapojua ninachokisema.

Watu wanaokuja Lamu hupiga picha ya mlango wakaondoka. Mimi huwaomba waingie ndani, wasimame msanani, yaani katika chumba kirefu cha mbele, watazame juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka inakuwezesha kuvuka chini kidogo ya mita 3. Basi hiyo ndiyo sheria ya nyumba nzima. Chumba hakiwezi kuwa kipana zaidi ya boriti, ila kinaweza kuwa kirefu utakavyo, na ndiyo maana nyumba zetu za mawe zimepangwa vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Mstatili ule ulipimwa na mti uliomea matopeni. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kuweka mkono mzima dirishani.

Ukifika ndani, mwanga wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, umekwisha kupungua, na hapo ndipo zidaka, vishubaka vya ukutani, zinapofanya kazi. Safu juu ya safu za vidaka vidogo vimekatwa katika plasta, kila kimoja na ukingo wake. Mchana, mwanga unapokuja wa ubavuni, kila ukingo unatupa kivuli chembamba kama uzi, na ukuta mzito wa mawe unaonekana kama umefunguka. Mwanga ukitoka mbele, zidaka zinalala na ukuta unakuwa mweupe mtupu. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuna mtu anazifuta jioni.

Mlangoni ni vivyo hivyo. Milango yetu ya zamani ina vizingiti vilivyonyooka, tofauti na ile ya Unguja ya baadaye yenye kichwa cha nusu duara. Nakshi ya mtindo wa kuchonga kwa vibanzi, ambayo Muhamadi Kijuma, mshairi na mwandishi wa hati aliyefariki mwaka 1945, alikuwa miongoni mwa mabingwa wake, ni jamii ya pembetatu ndogo ndogo. Niwaeleze inavyofanyika. Unasimamisha patasi na kuipiga nyundo mara moja, ukate wima. Unaihamisha upana wa kucha, unailaza, unapiga tena, na mikato miwili ikikutana chini kibanzi kinaruka chenyewe. Kinachobaki ni shimo lenye pande mbili na mstari mmoja chini. Ukilazimika kukikwangua kibanzi kitoke, ujue mikato haikukutana, na kivuli chake kitakuwa na ukungu. Mlango mmoja unaweza kuwa na vishimo hivyo zaidi ya elfu. Patasi ni chuma kilichonyooka, kwa hiyo inaandika pembe. Ua la mviringo nalo linawezekana, lakini unalizungukia kwa vipigo vingi vidogo vilivyonyooka, na ukilitazama karibu utaziona pembe zimejificha.

Mama naye alikuwa akisuka mikeka ya miyaa. Ukili unakwenda kwa mshazari, unyuzi juu ya unyuzi, na hakuna namna ya kusuka duara humo. Yeye hakuona upungufu. Alitoa mistari ya kwenda na kurudi, macho ya almasi, misumeno, kwa rangi mbili tu. Mwaka 1924 hivi, wachoraji wawili wa Uholanzi, Piet Mondrian na Theo van Doesburg, walifarakana, na mojawapo ya sababu ni kwamba Van Doesburg alianza kuingiza mistari ya mshazari na Mondrian alitaka wima na mlalo pekee. Nilipoelezwa habari hiyo nilimfikiria mama. Mshazari kwake haukuwa wa kugombaniwa, ndio ulioushikilia mkeka usifumuke.

Katika kundi lao la wasanii alikuwamo seremala, Gerrit Rietveld wa Utrecht, na huyu namwelewa bila mkalimani. Kiti chake cha mwaka 1918 hivi ni vijiti vya mraba vinavyopitana na mbao mbili bapa, moja ya kukalia na moja ya kuegemea. Rangi nyekundu na buluu zilikuja baadaye. Alitumia mbao za vipimo vya kawaida vinavyotoka mashineni, ili mtu yeyote aweze kukiunda. Kiwekeni kando ya kiti cha enzi cha Lamu: mgongo wima, mikono iliyonyooka, pa kuwekea miguu, kamba zilizonyoshwa ndani ya fremu, vipande vya mfupa au pembe ya ndovu vilivyopachikwa. Viti viwili vya pembe tupu, na vina kazi zisizofanana kabisa. Cha Rietveld kinataka kila mtu awe nacho. Cha enzi kinataka mgeni mmoja tu akae, tena akae wima, asijilaze.

Sasa niwaambie la kwangu, kwa sababu nimejifunza kwa gharama. Miaka mitatu nyuma mteja anayejenga Shela aliniletea picha ya meza fupi, pembe zake nne zimechongoka kama visu. Niliipenda. Niliitengeneza kwa mbambakofi nzuri, nikapiga randa na msasa hadi ukajiona ndani yake. Ncha ya kwanza ilivunjika mashuani kabla hatujafika. Nilijua kwa nini, na ningeliijua mapema kama ningelijiuliza swali la babu: penye ncha kali namna ile nyuzi za mti zinakatizwa zikawa fupi, hazina cha kushikilia. Niliibandika kwa gundi. Mwezi wa pili mtoto wa nyumba ile, bado anajifunza kutembea, akaanguka akaipiga kwa paji la uso, akashonwa nyuzi nne. Nilikwenda kumtazama, sikujua niseme nini kwa mamake. Niliichukua ile meza, nikazikata ncha zote nne na kuzizungusha kwa upana wa kidole gumba, nikairudisha bila malipo.

Mwaka 2006 watafiti Moshe Bar na Maital Neta walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu wakiwekewa vitu vya kawaida vya namna mbili, chenye pembe na cha mviringo, huelekea kupenda cha mviringo, na wakadhani huenda pembe kali inaashiria hatari akilini. Mimi sikuhitaji maabara baada ya siku ile. Hata hivyo siendi nao hadi mwisho, kwani mtoto huyo huyo analala salama katika chumba cha pembe nne, chini ya boriti za mraba.

Kama mhariri ataniruhusu moja zaidi, nendeni Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, mahali panapoundwa majahazi. Jahazi la Lamu linajulikana kwa omo yake, yaani sehemu ya mbele, iliyosimama wima, na juu yake tanga la pembetatu linaloliwezesha kukata upepo wa mshazari, jambo lililokuwa gumu kwa tanga la mraba la mtepe, chombo cha zamani cha mbao zilizoshonwa kwa kamba. Lakini chini ya maji, chombo chote ni mviringo, na fundi hatumii guni. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hayakatwi kutoka ubao ulionyooka, maana yangevunjika kwa sababu ile ile iliyovunja meza yangu. Niliwahi kufuatana na fundi mmoja kwenda kuyatafuta. Alibeba kigezo cha ubao mwembamba, akawa anatembea mti hadi mti, anatazama mahali tawi linapoachana na shina. Akiona panapoelekea, anakisimamisha kigezo, anarudi nyuma hatua mbili, anainamisha kichwa. Miti sita aliiacha imesimama. Wa saba aliushika pale penye upembe, akaupapasa juu na chini, kisha ndipo akaniomba shoka.

Msomaji wenu,
Seremala, Langoni, Lamu