Re: Kumwomba bosi aongeze muda wa ripoti
Mkuu, umesema ripoti ni ya Ijumaa na unaogopa kumwambia bosi kwamba haitaisha. Mwambie leo hii hii, usingoje Alhamisi jioni, maana akijua mapema anaweza kupanga upya, labda hata kumtuliza mteja, ila akijua saa za mwisho anakuwa hana la kufanya na hapo ndo hasira zinapoanzia. Usiende mikono mitupu, mpelekee ulichomaliza, mwoneshe kipi kimebaki na kwa nini, halafu taja siku yenyewe, yaani "naomba hadi Jumanne", siyo "muda kidogo". Na iwe siku ya kweli jamani, kuomba mara ya pili ni balaa. Akikataa, muulize sehemu ipi anaihitaji kwanza. Mambo ya kusingizia ugonjwa achana nayo kabisa.