Maswali ya Waandishi: Baba wa Kambo Amepatikana, Riwaya Imesimama

SWALI: Mswada wangu una maneno 62,000. Mhusika mkuu, mwanamke wa miaka 34, anakutana tena na baba wa kambo aliyeondoka nyumbani yeye akiwa na miaka 13. Wanaonana sura ya pili, halafu wanazungumza tu hadi mwisho. Wote niliowapa wasome wameishia katikati. Niongeze siri nzito, au kifo?

JIBU: Kifo kiache. Kinachokosekana ni sababu ya hawa wawili kuonana tena na tena. Mzazi na mwana wa damu, hata wakichukiana, ipo siku msiba au urithi utawakutanisha. Baba wa kambo hana hilo: ndoa ikishavunjika, kinachobaki kati yake na mtoto mara nyingi ni hiari tupu. Kwa hiyo kila binti anapobisha hodi, msomaji anajiuliza amerudia nini, ilhali angeweza kukaa kwake. Taharuki ya riwaya tulivu imo humo.

Pitia sura moja moja, uandike pembeni kwa sentensi moja kilichomleta siku hiyo. “Anataka kumjua zaidi” haitoshi. Kurudisha ufunguo, kuchukua picha aliyoahidiwa, kumsaidia mzee kupaka rangi chumba: hizo ni sababu. Sura tatu mfululizo zikiwa na sababu ileile, ziunganishe ziwe moja.

Kisha wape kazi ya mikono ya wiki kadhaa, inayoweza kuharibika: kufufua cherehani mbovu, au kufungasha nyumba nzima kabla mzee hajahama. Watu waliopoteana miaka 21 ni nadra kutazamana usoni na kutoa ya moyoni. Huyatoa wameinamia kitu. Kazi hiyo pia inakupimia muda. Ikikaribia kwisha, visingizio navyo vinakwisha, na lazima mmoja aseme anataka kuja tena bila sababu yoyote. Hicho ndicho kilele chako. Usikizidishie machozi.

Mkutano wa kwanza usogeze hadi karibu robo ya kitabu, yaani maneno 15,000 hivi. Kabla ya hapo tuone anavyomtafuta, na anavyomficha mama yake kwamba anamtafuta. Tafadhali mtunze mama huyo. Ni rahisi mno kumfanya mwovu ili baba wa kambo apendeze, na ukifanya hivyo msomaji hana tena la kupima. Mpe mama sababu za kuachana ambazo mtu mwenye akili timamu angezikubali.

Kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma kusimulia ya zamani, kisizidi aya moja, maneno 150 hivi, na kiamshwe na kitu kilichopo mbele yao. Tukio moja la zamani lisimuliwe mara mbili, kama binti anavyolikumbuka na kama mzee anavyolikumbuka, bila wewe kuamua nani mkweli. Mtoto wa miaka 13 hakuyasikia yote yaliyosemwa chumbani.

SWALI: Nisimulie kwa nafsi ya kwanza?

JIBU: Unaweza, ila nafsi ya kwanza hukuvuta kueleza hisia badala ya kuzionyesha. Jaribu hivi: katika sura moja, futa kila sentensi inayotaja huzuni, uchungu au faraja kwa jina, kisha isome kwa sauti. Rudisha zile tu ambazo bila hizo tendo halieleweki. Zikiwa zaidi ya mbili tatu, hamia nafsi ya tatu.