Kwa tenori anayeanza: njia ya Lauritz Melchior kutoka Copenhagen, na kazi iliyo nyuma yake

Anayetaka kuishi kwa kuimba opera nje ya nchi yake ana mengi ya kujifunza kwa Wadenmark. Nchi yao ni ndogo, na lugha yao haisikiki sana kwenye opera za dunia. Ukiacha Ukumbi wa Kifalme wa Copenhagen na kampuni ya opera ya Jutland iliyoko Aarhus, nafasi za kudumu kwa mwimbaji wa opera ni chache. Tenori wa Denmark akitaka kazi kubwa sharti avuke mpaka, na aimbe kwa Kijerumani na Kiitaliano mbele ya watu waliozaliwa na lugha hizo.

Lauritz Melchior ndiye aliyefika mbali kuliko wote, na tarehe zake zafaa kubandikwa ukutani. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1890. Mwaka 1913 alipanda jukwaa la Ukumbi wa Kifalme kwa mara ya kwanza, akiwa baritoni, yaani sauti ya kiume iliyo chini ya tenori, katika uhusika wa Silvio kwenye opera Pagliacci. Mwimbaji mmoja Mmarekani, Madame Charles Cahier, alimsikia akifika juu kuliko baritoni anavyodaiwa kufika, akauandikia uongozi kwamba huyu ni tenori na apewe likizo ya kusoma upya. Akafundishwa na Vilhelm Herold, naye tenori wa Denmark, na Oktoba 1918 akarudi jukwaani kama Tannhäuser, mhusika mkuu wa opera ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner. Kutoka hapo ilipita miaka sita ya masomo na kazi ndogondogo London, Berlin na Munich kabla ya mwaka 1924, alipoimba Covent Garden, London, mwezi Mei na Bayreuth, kwenye tamasha la opera za Wagner, mwezi Julai. Februari 1926 aliingia jumba la opera la Metropolitan, New York. Hata hapo hakuwa ameshika nafasi. Alirudi kujinoa Ujerumani, hasa Hamburg, na Tristan wake wa kwanza, uhusika mwingine mzito wa Wagner, aliuimba Barcelona mwaka 1929, kisha ndipo akauonyesha New York mwaka huohuo. Huko alikaa hadi 1950, na uhusika huo mmoja aliuimba zaidi ya mara 200.

Piga hesabu: toka 1913 hadi 1929 ni miaka 16. Tunaanza na hesabu hii kwa sababu kosa linaloua sauti nyingi changa ni kutaka kuifanya miaka 16 kuwa minne.

Jambo la kwanza ni kujua kama umepangwa sauti iliyo yako. Kwenye kwaya nyingi mwalimu humweka mtu palipo na pengo, si pale koo lake lilipo, na aliyezoea sauti ya nne kwa miaka kumi huamini kwamba ameumbwa besi. Usipime kwa nota ya juu kabisa unayoweza kuigusa, maana baritoni wengi huigusa A wakiwa wamepasha sauti moto. Pima mambo mawili. La kwanza ni kivuko, yaani pale ambapo sauti ikipanda hudai kugeuka, la sivyo inakuwa ukelele. Kwa baritoni kivuko cha juu huwa karibu na E flati au E iliyo juu ya C ya kati, kwa tenori mzito karibu na F, kwa tenori mwepesi karibu na G. La pili ni mahali unapoweza kukaa dakika ishirini ukiimba bila taya kukakamaa. Pima kwa wiki kadhaa, asubuhi na jioni, mbele ya mwalimu aliyewahi kulea tenori. Poul Elming, Mdenmark mwingine, naye alianza kama baritoni, akageuka tenori akiwa mtu mzima, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Bayreuth akiimba Siegmund wa opera Die Walküre ya Wagner. Kwa hiyo kugundua baadaye si msiba. Msiba ni kulazimisha.

Huyo Siegmund anastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiye mlango ambao tenori wazito wengi hupitia. Uhusika wake umelala chini kwa kadiri ya tenori, na A ndiyo nota yake ya juu, ndiyo maana waliotoka kwenye baritoni huupenda. Tendo la kwanza ni zaidi ya saa moja. Katikati yake anamwita baba yake mara mbili: “Wälse! Wälse!” Wito wa kwanza uko kwenye G flati, wa pili kwenye G, na silabi ya pili hushuka oktava nzima. Rekodi za Melchior akizishikilia nota hizo zimewapotosha vijana wengi. Anayeanza huifungua ile ä kama e pana ya Kiswahili, husukuma kwa kifua, na sekunde ya tatu nota inaanza kushuka. Akifika kwenye “Wo ist dein Schwert” (upanga wako uko wapi) koo limekauka, na bado mbele yake kuna “Winterstürme”, wimbo wa kutongoza unaotaka sauti laini na pumzi ndefu. Dawa ni hii: vuta pumzi mapema, chini kwenye mbavu, si sekunde ya mwisho, iviringishe irabu kidogo, midomo ielekee mbele, hesabu mapigo kichwani na uiachie nota ukiwa bado na akiba. Kwenye mazoezi ishike kwa urefu ulioandikwa tu. Urefu wa ziada ni wa siku ya onyesho, ukikubaliana na kondakta.

Usijaribu kuishinda okestra kwa nguvu. Hakuna maikrofoni, na okestra ya Wagner inaweza kuzidi watu 90. Nguvu kubwa ya okestra iko karibu na hezi 500, wakati sauti iliyofundwa vizuri ina mng'ao karibu na hezi 3,000, ambako okestra ni nyembamba. Mng'ao huo hutoka kwenye umbo la koo na usafi wa irabu. Anayepiga kelele huupoteza, kisha hukaa akishangaa kwa nini safu ya ishirini haimsikii.

Sasa kazi yenyewe. Ujerumani ina majumba takriban 80 yenye waimbaji wa kuajiriwa, idadi isiyo na mfano duniani, na ndiko Wadenmark wengi huanzia. Huko sauti hupangwa kwa fakhi, yaani makundi ya sauti na majukumu yanayoifaa: tenori mwepesi wa vichekesho, tenori wa mahaba, tenori kijana wa kishujaa, tenori wa kishujaa kamili. Fakhi ikiandikwa kwenye mkataba hukulinda: ukipewa uhusika ulio nje yake una haki ya kukataa. Msimu kwa kawaida huanza Agosti mosi na kuisha Julai 31. Mkataba hujirudia wenyewe mwaka hadi mwaka, isipokuwa jumba likutaarifu kwamba halitauendeleza, na tarehe ya mwisho ya taarifa hiyo kwa waliokaa chini ya miaka minane ni Oktoba 31 ya msimu wa mwisho. Septemba na Oktoba, basi, si miezi ya kukosa mazoezi.

Mwajiriwa ana mshahara wa mwezi, lakini huweza kuimba majukumu sita au zaidi kwa msimu, mengine yakiwa madogo. Mgeni mwalikwa hulipwa kwa kila onyesho. Akiugua halipwi, na mara nyingi chumba na nauli ni juu yake. Miaka miwili au mitatu ya kuajiriwa kwenye jumba dogo inafaa kuliko mialiko mitatu mikubwa, kwa sababu utajua mwili wako unavyokuwa Jumanne baada ya onyesho la Jumapili. Ujuzi huo hautolewi chuoni.

Kwenye usaili peleka nyimbo tano, angalau kwa lugha tatu. Ya kwanza unachagua wewe, ya pili wanachagua wao, na mara nyingi yote huisha ndani ya dakika kumi. Anza na ile unayoweza kuiimba ukiwa na mafua kidogo. Tenori mwepesi huenda na wimbo wa Tamino kwenye Die Zauberflöte ya Mozart na “Una furtiva lagrima” ya Donizetti, mzito huenda na wa Max kwenye Der Freischütz ya Weber na “Winterstürme”. Usichanganye fakhi mbili kwenye orodha moja. Jopo litaamini kwamba hujijui. Nota za mpiga piano ziwe kwenye faili linalolala wazi, kurasa pande zote mbili, bila mifuko ya plastiki inayorudisha mwanga, na sehemu zilizorukwa zifutwe kwa wino mzito. Mwonyeshe mwendo kwa kumnong'oneza mstari wa kwanza, usimpigie vidole. Wakala wa kweli huchukua asilimia yake baada ya wewe kulipwa. Anayetaka ada ya kukusajili mwache hapohapo.

Kuhusu lugha, hapa msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao Mdenmark hana. Irabu zetu tano ziko karibu sana na za Kiitaliano, na hatukati sauti kooni kama wao wanavyofanya kwenye mazungumzo yao ya kila siku. Mdenmark hutumia miaka kujifunza kuiunganisha sauti bila mkato huo, na kuzipa b, d na g mtetemo wake. Lakini sisi tunaangukia kwenye Kijerumani: tunapenda kumalizia neno kwa irabu, “Nacht” ikawa “Nachti”, na “Schwert” ikapata mkia. Soma matini kwa sauti ya kawaida dakika kumi kila siku, ukimalizia konsonanti ya mwisho kwa wakati na kufunga. Kisha zile konsonanti mbilimbili za Kiitaliano: “bella” si “bela”. Simama kwenye l.

Aliyekulia kwenye nota za d r m f ajifunze kusoma nota za mistari mitano hadi asome akiwa amechoka, kwa sababu kwenye jumba hakuna atakayekutafsiria. Jifunze uhusika kwa mpangilio huu: tafsiri kila neno, si sentensi tu, sema matini kwa mapigo bila sauti ya muziki, imba kwa irabu pekee, kisha unganisha. Usiruke hatua ya mapigo. Melchior mwenyewe alilalamikiwa na makondakta kwa kutotunza mapigo, na alisamehewa kwa sababu sauti yake ilikuwa moja duniani. Wewe hutasamehewa. Siku ya kwanza ya mazoezi uje umeshika uhusika wote kichwani. Mazoezi ya toleo jipya huchukua takriban wiki sita, na hizo ni za kuigiza, si za kujifunza nota. Kwenye mazoezi marefu imba kwa nusu sauti, lakini bila kushuka oktava mfululizo, maana kule chini koo hukakamaa.

Ukiimba Ujerumani bila kuwa mkazi, asilimia 15 ya malipo yako hukatwa palepale kama kodi, pamoja na nyongeza ndogo juu yake. Dai cheti cha makato hayo kabla ya kuondoka mjini, ili usitozwe mara ya pili nyumbani.

Na ugonjwa. Mafua ya pua unaweza kuimba nayo. Nyuzi za sauti zilizovimba huwezi. Dalili ni nota za juu laini kukataa kutoka huku za nguvu zikitoka. Ukiona hivyo nenda kwa daktari wa koo atazame kwa kamera, na usikubali sindano ya kotisoni ili onyesho lipite bila kutazamwa kwanza. Dawa hiyo hushusha uvimbe na kuficha hatari, mshipa mdogo ukapasuka jukwaani, na hapo kunyamaza ni kwa wiki nyingi. Ukiamua kutoimba, piga simu kabla ya saa nne asubuhi. Mbadala wako yuko mji mwingine, ana treni ya kuwahi, vazi la kupunguzwa na saa moja tu ya kuonyeshwa mlango wa kuingilia.