Rada iliona nini juu ya Washington mwaka 1952?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nimesoma kwamba Julai 1952 vitu visivyojulikana vilionekana juu ya Washington, na si kwa macho tu, hata kwenye rada za viwanja viwili tofauti. Jeshi la Anga la Marekani likasema ni hewa ya joto. Mimi nafunga redio za mawasiliano melini, mambo ya mawimbi nayajua kidogo, na jibu hilo halijaniingia. Hewa inaonekanaje kwenye rada? Na kama ni hewa, mbona ndege za kivita zilipofika yale madoa yalitoweka? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na rada yenyewe, maana watu huipa sifa isiyokuwa nayo. Rada inarusha wimbi, inasubiri mwangwi, inapima muda. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 400, inakata muda ule nusu na kuchora doa umbali wa kilomita 60. Mwelekeo inauchukua kutokana na pale antena ilipokuwa imeelekea. Basi. Rada ya kuongozea ndege ya miaka ile hata kimo haikupima. Kwamba wimbi limekwenda njia iliyonyooka, na kwamba kilichourudisha mwangwi kiko angani, hayo tumeyachukulia sisi tunaotazama kioo cha rada. Siku nyingi tunapatia.

Njia hupinda hewa inapopangika vibaya. Kwa kawaida ukipanda juu joto hushuka, kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Lakini usiku wa kiangazi uliotulia, ardhi inapoa upesi, hewa ya chini inabaki baridi na yenye unyevu, na juu yake linalala tabaka la hewa kavu yenye joto. Wimbi likiingia hapo kwa mshazari mdogo hupindishwa kurudi chini. Ni ndugu wa mazigazi, lile dimbwi la maji unaloliona mbele ya gari juani na hulifikii, ila kule joto liko chini na mwanga unapindwa kwenda juu. Wimbi letu likishuka linagonga paa la ghala au lori, mwangwi unarudi kwa njia ileile, na doa linachorwa penye anga tupu.

Wewe wa melini umeshakutana nalo: usiku redio yako ya VHF inanasa kituo ambacho kwa hesabu zako hakifikiki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili rada iliyokuwa Bombay ilipata mwangwi wa pwani ya Arabuni, zaidi ya kilomita 1,500 ng'ambo ya bahari. Na mimi zamu ya usiku, Februari, kaskazi imelala kabisa, nimewahi kuona madoa matatu yakitambaa baharini kwa mpangilio kama ndege. Rubani aliyekuwa akipita hapohapo akasema haoni kitu. Nikainua antena nyuzi moja tu, yakafa yote matatu.

Sasa Washington. Tarehe 19 Julai, saa 5:40 usiku, mwongoza ndege Edward Nugent, wa uwanja wa ndege wa Washington, aliona madoa saba kwenye kioo chake cha rada, akamwita mkuu wake wa zamu, Harry Barnes. Kituo cha kijeshi cha Andrews, jirani na mji, nacho kikaona vitu. Ndege za kivita za F-94 zilikuja kutoka Delaware karibu saa 9 usiku. Wiki moja baadaye, usiku wa 26, yakarudia. Tarehe 29 Meja Jenerali John Samford wa Jeshi la Anga akawakusanya waandishi wa habari Pentagon, makao makuu ya jeshi, na kuwaeleza habari ya tabaka la joto.

Samford alikuwa anakisia. Kipimo kilikuja baadaye, na hakikutoka jeshini. Richard Borden na Tirey Vickers, wa mamlaka ya usafiri wa anga ya kiraia, waliyafuatilia madoa ya namna hii na kutoa ripoti yao mwaka 1953. Waliyalinganisha na upepo wa kimo cha lile tabaka. Madoa yalikuwa yakienda upande uleule wa upepo, kwa mwendo maradufu ya upepo.

Hilo la maradufu ndilo linalonishawishi. Simama mbele ya kioo cha kabati, mtu akirudishe nyuma hatua moja: sura yako inarudi hatua mbili. Kipande cha tabaka kinachobebwa na upepo kinafanya kazi ya kile kioo. Chombo chenye rubani, awe wa dunia gani, hana sababu ya kufuata kanuni hiyo.

Zile habari za mwendo wa maelfu ya maili kwa saa zina dawa nyepesi zaidi. Chukua antena inayozunguka mara 6 kwa dakika. Doa moja linazimika hapa, sekunde 10 baadaye jingine linawaka kilomita 20 kutoka hapo. Ukisema ni kitu kimoja, umepata kilomita 7,200 kwa saa, na umeipata kwa penseli yako mwenyewe.

Kuhusu ndege za kivita, habari uliyosoma ni nusu. Usiku wa kwanza madoa yalitoweka zilipofika, kweli. Usiku wa pili ndege ziliporudi mara nyingine, madoa yalibaki. Marubani wakaelekezwa kwayo, mmoja akaona mwanga, akaufukuza, ukapotea. Kioo cha rada hakikurekodiwa, kwa hiyo tuna kumbukumbu za watu waliochoka saa 9 usiku, na kwa hizo huwezi kupima kama kutoweka kule kulikuwa sadfa. Nikuongezee upande wa pili: mtaalamu wa rada wa Jeshi la Majini aliyekuwa kwenye chumba cha rada usiku huo wa pili aliulizia hali ya hewa, akaambiwa tabaka lipo lakini dogo, naye hakuona kuwa linatosha. Namheshimu, ila unyevu ndio unaopinda wimbi zaidi ya joto.

Kama ni lawama, mimi naiweka kwingine. Kapteni Edward Ruppelt, mkuu wa Project Blue Book, mradi wa jeshi wa kuchunguza mambo haya, alizipata habari za usiku wa kwanza kwenye gazeti alilonunua uwanja wa ndege wa Washington. Akaomba gari la jeshi awafuate mashahidi, akanyimwa. Akarudi zake Dayton, Ohio. Mpelelezi mkuu wa visahani vinavyoruka, hana nauli! Mradi ule ulipofungwa Desemba 1969 ulikuwa na ripoti 12,618, na 701 zikabaki bila maelezo. Nikiona uchunguzi ulivyoendeshwa, nashangaa hazikuwa nyingi zaidi.

Majalada ya Blue Book yako wazi kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani. Ukiyafungua, katika kesi yoyote ya rada tafuta namba mbili: mwendo wa doa, na mwendo wa upepo kwenye kimo cha tabaka. Ya kwanza ikiwa maradufu ya pili na upande ni mmoja, funga jalada, nenda linalofuata.