Mwenye nyumba aliyejifunga kanga ya Mama

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, mzaliwa wa Mombasa, nakaa Rotterdam na mwanamume mwenzangu, Mholanzi. Nimwite W. Huu ni mwaka wa kumi na mbili tuko pamoja, na maisha yetu ni ya kawaida mpaka yanachosha kusimulia. Asubuhi mimi huchemsha chai ya tangawizi, yeye hutoa baiskeli zote mbili nje. Jioni tunabishana nani apike. Usiku tunatazama televisheni, miguu yake mapajani mwangu. Nyumba tulinunua pamoja na mkopo tunalipa nusu kwa nusu.

Sikukuu yetu kubwa ni fainali ya Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Marafiki huja na nguo za kumetameta, mimi napika viazi karai na chatne ya ukwaju, naye W. hujifunga kanga aliyoniletea Mama. Nimemfundisha adabu za taarabu: mwimbaji akimkuna, anainuka polepole, anacheza mpaka mbele, anamtunza kwa kubandika noti ya yuro tano kwenye kioo cha televisheni.

Mei 2025 fainali ilikuwa Basel. Zamu ya Uholanzi, yuko jukwaani Claude, yule kijana aliyezaliwa Kongo, na W. yuko mbele na noti yake. Simu ya video ikalia. Ni Mama, yuko kwenye harusi ya mpwa wangu. Hakunionyesha ukumbini, maana wanawake walikuwa wamevua mabuibui. Alitoka nje ya mlango ili nisikie taarabu tu. Akamwona W. nyuma yangu. "Na huyo aliyejifunga kanga yangu ni nani?" Nikamjibu, "Huyo mwenye nyumba, Mama." Ndivyo nilivyomwambia tangu mwaka wa kwanza.

Kumbe W. anaelewa Kiswahili kuliko nilivyodhani. Noti ikamponyoka, ikaingia chini ya kabati la televisheni. Akaenda jikoni akaosha vyombo mpaka kura zikaisha kuhesabiwa. Tangu siku hiyo anajiita mwenye nyumba: "Mwenye nyumba anaomba umtolee takataka." Hacheki akisema hivyo. Mama akipiga simu Jumapili, anavaa koti anatoka, hata mvua ikinyesha. Na ameshasema sherehe mwaka ujao hakuna.

Je, anataka nimwambie Mama? Nikimwambia nitamuua. Na si utoto huu, watu wazima kununiana kwa ajili ya mashindano ya nyimbo?

Mswahili wa Rotterdam

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonikera. Hamkununiana kwa ajili ya nyimbo, na wewe unajua, la sivyo usingenieleza noti iliingia chini ya kabati gani. Lakini hata zingekuwa ni nyimbo tupu, mimi si wa kuwacheka.

Nimekuwa msichana enzi za mipasho. Miaka ya tisini vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano vikitambiana huko Dar es Salaam, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule, kanda zinavuka mpaka mpaka zinatufikia Mombasa, na sisi huku tulikuwa tayari kuvunja usuhuba wa miaka kwa kumtetea mwimbaji ambaye hatujamtia machoni. Ubeti ukimgusa jirani, unainuka na noti yako, unakwenda kumtunza mwimbaji taratibu, macho hayamwangalii jirani hata kidogo, na kila mtu ukumbini ameelewa. Na wanaume wa namna yako walikuwepo humo, mwanangu. Walipiga ngoma, walipamba maharusi, walijua kila ubeti kuliko sisi. Waliitwa mashoga, jina ambalo sisi wanawake wa Pwani tunaitana kwa mapenzi, kisha wakatokea watu wakaligeuza tusi. Mimi bado nalitumia kwa maana yangu ya zamani, atakayeudhika na audhike.

Kwa hiyo nilipopata habari za hii Eurovision yenu sikuona jambo geni. Kwa wasomaji wasioijua: ni mashindano yaliyoanza 1956 mjini Lugano, Uswisi. Kila nchi inatuma wimbo mmoja, waamuzi wana nusu ya kura na watazamaji nusu, na alama ya juu ni kumi na mbili. Mwaka 1998 aliyeshinda ni Dana International, mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mwanamume. Mwaka 2014 akashinda Conchita Wurst wa Austria, gauni refu na ndevu zilizochongwa vizuri. Mtu aliyekua akiambiwa "tembea kiume, mkono usiulegeze" akiona hayo mbele ya bara zima, usimshangae akiiweka siku hiyo kwenye kalenda kama Idi. Ni usiku mmoja kwa mwaka ambao mkono unalegea na watu wanapiga makofi.

Sasa tuje kwa W.

Nataka umtazame tena pale mbele ya televisheni. Mholanzi mtu mzima amejifunga kanga ya mama mkwe asiyemjua kuwa mkwe. Anamtunza mwimbaji kwa desturi ya Mvita, uliyomfundisha wewe, katika sherehe ya kwao aliyokukaribisha yeye. Sijui ndoa ngapi za kufungwa na kadhi zimefika hapo. Simu ikalia, na kwa neno moja ukamvua kanga mbele za watu.

Sikulaumu kwa kumficha. Hapo tuelewane vizuri, kwa sababu nadhani wewe na W. mmekwama kwenye swali lisilo lenu. Wazungu wana hadithi yao moja ya jambo hili: mtu anakusanya ujasiri, anawakalisha wazazi sebuleni, anasema, wote wanalia, mwisho wanakumbatiana. Kwa wengine imewafaa. Lakini mama yako haishi kwenye hadithi hiyo. Anaishi Mombasa, kati ya majirani wanaojua amenunua samaki gani leo. Sheria ya Kenya bado ina kifungu cha 162 kinachokataza mapenzi ya wanaume wenyewe kwa wenyewe, miaka kumi na minne jela. Mahakama Kuu ilitakiwa ikifute na tarehe 24 Mei 2019 ikakataa. Wewe hutafungwa, uko Rotterdam. Yeye ndiye atakayebaki na habari hiyo barazani, msibani, harusini, akiulizwa na kila anayempa mkono. Huna haki ya kumtwika mzigo huo ili wewe ulale vizuri. Binyavanga Wainaina, mwandishi Mkenya ambaye hakuwa mwoga, alipojitangaza Januari 2014 alimwandikia mama yake, naye mama huyo alikuwa amefariki tangu mwaka 2000. Huwa nakumbuka jambo hilo kila ninapopata barua kama yako.

Wako watakaokwambia, "Ah, mama anajua tangu zamani, mama hakosi kujua." Mimi sikwambii hivyo. Huenda anajua. Huenda aliuliza habari ya kanga kwa sababu tu ni kanga yake, na wala si ajabu kwake mwanamume kujifunga kanga nyumbani, wazee wetu wangapi wamelala nazo. Usijenge chochote juu ya unachodhani mama anakijua.

Basi W. anataka nini? Mwenyewe ameshakwambia, ila wewe hukusikia. Hajasema hata siku moja "mwambie mama yako." Anajiita mwenye nyumba. Kinachomuuma ni jina.

Sisi watu wa Pwani tunasifiwa kwa sitara. Lakini kusitiri ni kukifunika kilichopo. Wewe hukufunika. Uliking'oa kilichopo ukapanda kingine mahali pake, mzee wa Kizungu anayekusanya kodi, na ukammwagilia maji miaka kumi na miwili. Naona hata una habari zake: mama akiuliza, mwenye nyumba hajambo, mwenye nyumba ametengeneza paa, mwenye nyumba amekwenda likizo. Mtu huyo ameanza kuwa na maisha yake, na W. anaishi ndani ya nyumba moja naye.

Na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba uongo huo hukuuhitaji. Una lugha ambayo ingekusitiri bila kukudhalilisha. Kiholanzi, ukitaka kusema "yeye", kinakulazimisha useme ni mwanamume au mwanamke; Kiswahili hakiulizi. Tuna neno *mwenzangu*. Mwenzangu ni tuliyesafiri naye, tuliyesoma naye, mke, mume, mtu wa kushirikiana naye sahani. Wanawake wa makamo wanawataja waume zao hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi: "mwenzangu hajambo," "mwenzangu kapumzika." Wewe mwenyewe katika barua yako, mstari wa kwanza, umeandika "mwanamume mwenzangu," kalamu imejiendea. Mpe mama yako neno hilo. Ni la kweli lote, na halimlazimishi ajue zaidi ya anavyotaka kujua. Akitaka kuuliza atauliza, na huo utakuwa uamuzi wake. Akiuliza, hapo ndipo utakapojua la kusema. Mimi siwezi kukuandikia kutoka huku.

Jumapili ijayo, basi. Kabla simu haijalia, mwambie W. asivae koti. Usimburute mbele ya kamera, aketi tu pale anapoketi siku zote. Mama akimaliza salamu, mwambie: "Mama, yule uliyemwona na kanga yako, nilikwambia mwenye nyumba. Si mwenye nyumba. Ni mwenzangu, tunakaa pamoja, anaitwa fulani, na nilipougua ndiye aliyeniuguza." Kama hukuugua, weka lingine, miaka kumi na miwili haikosi. Litamke jina lake kama linavyotamkwa. Mama atasema "aa" ndefu, au ataanza kukueleza habari za harusi, au atauliza kama anakula pilipili. Yoyote kati ya hayo, liache lipite.

Usitarajie W. ataruka kwa furaha. Ameosha vyombo vingi kwa hasira, zitamchukua muda kumtoka. Lakini utani wa takataka utakwisha, hilo nakuhakikishia.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Umeandika mnalipa mkopo nusu kwa nusu, hukuandika kama mmeoana. Uholanzi ilikuwa ya kwanza duniani kufungua ndoa kwa watu wa jinsia moja, tarehe 1 Aprili 2001. Usiku huo wa manane meya wa Amsterdam, Job Cohen, alifungisha ndoa nne. Kabla ya hapo, tangu 1998, kuna ule uhusiano wa kuandikishwa serikalini bila ndoa. Kama hamna hata kimoja kati ya hivyo viwili, basi mjue kwamba kukaa pamoja tu, hata miaka thelathini, hakumpi mmoja urithi wa mwenzake kwa sheria ya huko. Lazima kuwe na wasia. Ukifa kesho bila karatasi, nusu yako ya nyumba inamrudia mama yako na ndugu zako, na W. atajikuta anazungumza na dada yako kwa mkalimani kuhusu nani atabaki humo. Hapo ndipo utakapokuwa umemgeuza mpangaji kwelikweli. Nendeni kwa notari, mwanasheria wa kuandikisha wasia, wiki hii. Hiyo haihitaji mama ajue lolote.

Kuhusu sherehe, usimbembeleze. Wala usiwaalike marafiki kwa siri ukitumaini watamlainisha, wageni hawaamui ugomvi wa ndani, wanaula tu kwa kachumbari. Akitaka atarudi mwenyewe. Mimi naona atarudi, kwa sababu mtu aliyejifunza kutunza hawezi kukaa mikono mitupu wimbo mzuri ukipigwa.

Na ile noti ya yuro tano, nina hakika bado iko chini ya kabati, maana kila mmoja anangoja mwenzake ainame. Iname wewe. Ipanguse vumbi, weka taarabu, usingoje Mei. Yeye akiwa ameketi na kahawa yake, inuka taratibu, mwendee ukicheza, umtunze.

Shangazi