Maswali Yenu: Kwa Nini Bisi za Sinema Huzidi Bei ya Tiketi?

SWALI: Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu watatu kutazama filamu katika jumba moja la kisasa hapa jijini. Tiketi nilikuwa nimejipanga nazo, lakini tulipofika kwenye kaunta ya vyakula, bisi na soda za watu wanne ziliizidi bei ya tiketi zetu zote. Mlangoni mlinzi alikuwa ameshatuzuia kuingia na korosho na kashata tulizotoka nazo nyumbani. Je, huu si unyonyaji? Na kuna haja gani tena ya kwenda sinema ilhali nyumbani tuna televisheni na intaneti?
Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam

JIBU: Mama, tunayaelewa manung'uniko yako, na ili tuyajibu ipasavyo inafaa kwanza tuifuate fedha yako huko inakokwenda. Bei ya tiketi haibaki yote mikononi mwa mwenye jumba, kwa kuwa sehemu kubwa humwendea msambazaji na kampuni iliyotengeneza filamu. Hesabu za AMC, kampuni kubwa ya majumba ya sinema ya Marekani, zinaonyesha kwamba mwaka 2019, katika kila dola 100 za tiketi, zaidi ya dola 50 zilikwenda kwa wenye filamu, ilhali katika kila dola 100 zilizopatikana kwa vyakula na vinywaji, kuvinunua vitu vyenyewe kuligharimu chini ya dola 20. Fedha ya kaunta, basi, ndiyo hasa inayolipia kodi ya pango, umeme wa viyoyozi, mishahara na matengenezo ya projekta.

Bisi zimeshika nafasi ya kwanza kwenye kaunta hiyo kwa sababu ya maumbile yake. Punje ya mahindi ya bisi ina unyevu wa kama asilimia 14 uliofungiwa ndani ya ganda gumu. Ikifikia joto la nyuzi 180 hivi za Selsiasi, ganda hushindwa kuuzuia mvuke, likapasuka, na punje ikafura hata kufikia mara 40 ya ujazo wake wa awali. Vikombe vichache vya mahindi, mafuta kidogo na chumvi hujaza ndoo nzima, na harufu inayosambaa hadi kwenye ngazi hufanya kazi ya kuita wateja bila malipo.

Hata hivyo, wenye majumba ya kifahari ya Marekani hawakuzitaka bisi mwanzoni, kwa kuhofia mazulia yao na kelele za kutafuna. Charles Cretors wa Chicago alianza kutengeneza mashine za bisi mwaka 1885, na kwa kuwa zilikuwa za kusukumwa, wachuuzi walizisimamisha nje ya milango ya sinema wakawauzia waliokuwa wakiingia. Filamu zenye sauti, zilizoenea baada ya mwaka 1927, zilizifunika kelele za kutafuna. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ndio uliowalazimisha wenye majumba kutambua kwamba mtu asiye na uwezo wa starehe nyingine bado anaweza kutoa senti 5 au 10 kwa mfuko wa bisi. Vita Kuu ya Pili ilipokuja na mgao wa sukari, peremende zikawa adimu na bisi zikabaki bila mshindani.

Kwa maoni yetu, kutafuta faida kwenye kaunta hakustahili kuitwa unyonyaji, kwa kuwa bila faida hiyo tiketi ingepanda, na hata yule aliyekuja kutazama tu bila kula angelipishwa. Kosa liko penginepo. Jumba linapomkataza mzazi kuingia na chakula, kisha likakosa kumwekea kitu chochote cha bei ya kawaida, hata maji, hapo limemfungia mlango mtu wa kipato cha wastani. Mahakama ya Juu ya India ilikabiliana na suala hili hili mwezi Januari 2023. Iliamua kwamba mwenye jumba ana haki ya kuzuia chakula cha kutoka nje, lakini ikasisitiza kwamba lazima awape watazamaji maji safi ya kunywa bure na amruhusu mzazi kuingia na chakula cha kiasi kwa ajili ya mtoto mchanga. Tungefurahi sana kuona majumba yetu yakiufuata mwongozo huo kwa hiari, tena yakaongeza hatua moja kwa kununua kashata, korosho na sambusa kutoka kwa akina mama wanaozitengeneza mtaani na kuziuza kaunta kwa bei ya kiasi.

Kuhusu haja ya kwenda, tunakushauri uchague. Filamu ya mazungumzo ya sebuleni haipotezi mengi ikitazamwa nyumbani. Ile yenye mandhari mapana na sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya ukumbi inapungua sana kwenye skrini ndogo, na watoto huikumbuka zaidi wanapoitazama pamoja na umati. Kuleni chakula cha mchana kabla ya kutoka, mnunue ndoo moja kubwa ya kugawana badala ya vifuko vinne, na mchague maonyesho ya siku za kazi pale ambapo bei yake ni nafuu.

SWALI: Baba yangu husema kwamba enzi zao hakuna aliyejali chakula cha ndani ya sinema, kwa sababu utamu wote ulikuwa nje. Je, ni kweli, au ni wazee tu kuyasifu ya kale?
Kijana wa Unguja

JIBU: Baba yako hakutia chumvi. Katika miji ya pwani yetu, kwenda kutazama picha kulikuwa mtoko wa mji mzima, na chakula kilikuwa mali ya barabara. Majestic pale Vuga, Cine Afrique, na kule Dar es Salaam Avalon, Empire na Empress, zote zilizungukwa na wauza karanga, kachori, mihogo ya kukaanga na mishikaki. Jumapili, hasa filamu ya Kihindi ilipokuwa mpya, tiketi zilikwisha mapema, walanguzi wakauza kwa bei ya juu, na waliokosa nafasi walibaki nje wakila na kuzungumza, kwa hiyo hata wao hawakurudi nyumbani mikono mitupu. Katika sinema ya magari iliyofunguliwa Msasani mwaka 1966, familia zilikuja na chakula chao wakala wakiwa ndani ya magari. Kiwanja hicho ndipo ulipojengwa ubalozi wa Marekani baada ya ule wa awali kulipuliwa mwaka 1998.

Mabadiliko hayakuanzia kwenye intaneti. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, Bara ikasubiri hadi mwaka 1994, na katikati zikaingia kanda za video zilizoihamishia sinema sebuleni. Majumba mengi yalifungwa au yakageuzwa maduka na maghala, na yaliyofunguliwa baadaye yakaingia ndani ya vituo vya biashara, mbali na mchuuzi wa karanga. Hasara tunayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba umati wa zamani, wenye nacho na wasio nacho katika foleni moja, umegawanyika: wachache wamekwenda kwenye viyoyozi, na wengi wamebaki kwenye vibanda vya video, wakikaa kwenye mabenchi, karanga zimefungwa kwenye kijikaratasi, na mtafsiri akiieleza filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji.

Wewe uliye Unguja una bahati, kwa kuwa ladha ya zamani bado unaweza kuipata. Wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, filamu zikionyeshwa Ngome Kongwe, unavuka barabara hadi Forodhani, unakula urojo na kunywa juisi ya miwa, kisha unarudi kutazama. Mchukue baba yako.

SWALI: Ni chakula gani kisichowaudhi majirani ukumbini?
Msomaji wa Tanga

JIBU: Bisi, kwa kuwa ni laini na hazina maganda. Kama una kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, ufungue kabla taa hazijazimwa. Ubuyu na ukwaju tunashauri uviache, kwa sababu ya kokwa zake, na vyakula vyenye harufu kali ya samaki au vitunguu uvile nje kabla ya kuingia.